Neno Walilonibandika Kifuani

Mkiletewa karatasi ya kazi, wanangu, msitafute kwanza mahali pa kutia sahihi. Tazameni wamewaitaje. Halafu ulizeni mwanamume anayefanya kazi ile ile wanamwitaje. Yakiwa majina mawili, kaeni kitako, ombeni maji ya kunywa, na msitie sahihi mpaka mtu awaeleze kwa nini. Najua mtasema huyu mama ana shaka na kila kitu. Kweli ninayo. Nimekanda watu karibu miaka arobaini na shaka ndiyo iliyonilinda, isipokuwa safari moja iliponipoteza, na hiyo nayo nitawaeleza ingawa sipendi.

Jina langu Rukia, nakaa mtaa wa Wiyoni. Wengine wenu niliwakanda mama zenu walipowazaa, kwa hiyo msinitazame kama mgeni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusinga maharusi, yaani kumsugua bibi harusi kwa singo, ule mchanganyiko wa liwa, karafuu, mawaridi na marashi, siku kadhaa kabla ya harusi, mpaka ngozi ilainike na inukie hata akishaoga. Ya pili ilikuwa kukanda wazazi katika arubaini yao na kuwafunga tumbo. Ya tatu na ya mwisho ilikuwa hotelini, ng'ambo kwenye kisiwa cha Manda, miaka kumi na mmoja, na huko ndiko nilikopewa jina la Kifaransa bila kuliomba.

Aliyenifundisha aliitwa Bi Amina, Mungu amrehemu. Alinifundisha kwa kunishuku. Nikisema nimenawa, hunusa mikono. Nikisema mafuta ni ya leo, huyaonja. Siku moja, nikiwa bado mbichi, nilitaka biharusi wangu anukie kuliko maharusi wote wa mwaka ule, nikaongeza karafuu ya kusaga, mkono mzima, bila kumwambia. Kufikia adhuhuri shingo ya yule msichana ilikuwa nyekundu na ina vipele, na harusi ilikuwa imebaki siku tatu. Bi Amina hakupiga kelele. Alimwosha binti kwa maji baridi na maziwa ya mgando, akamwambia mama mtu kwamba ni joto tu, kisha akanipeleka uani, akanipaka mgongoni singo yote iliyobaki.

"Haya," akasema, "nenda nayo kwenu, ukae nayo mpaka alasiri. Kesho utanambia yanukia vipi."

Nilijikuna kwenye nguzo ya mlango mbele ya mama yangu. Tangu siku ile sijampaka mtu kitu ambacho hakijalala kwanza kwenye shingo yangu mwenyewe. Hata chupa ikiwa na maandishi ya dhahabu, hata ikitoka Dubai, jaribuni kwenye shingo zenu na msubiri siku nzima. Watengenezaji wa mafuta hawamjui mteja wako, na wewe humjui mtengenezaji.

Lingine alilonifundisha ni kujua pa kuutoa mkono. Tulikwenda kwa mzazi mmoja wa siku ya tisa, analalamika mguu wa kulia. Mimi nimeshapasha mafuta, naanza kumshika nyuma ya mguu, Bi Amina akanipiga kofi la kiganja.

"Ondoa mkono hapo! Mguu mmoya una moto na umevimba, na wa pili hauna neno. Hii si kazi yetu. Mwiteni mumewe, apelekwe hospitali sasa hivi."

Daktari alikuta damu imeganda ndani. Alisema mguu ule ungekandwa, yule mama asingefika jioni. Basi mkiona mguu mmoja umevimba peke yake na una moto, wekeni mafuta chini, semeni hapana, hata mteja akikasirika. Pia msimuulize mtu anaumwa wapi mkadhani amewajibu. Watu huonyesha pale wanapopaona. Mkono ndio unaojua, ukipewa nafasi. Mimi nikishakukanda arubaini nzima, nyuso nasahau lakini mgongo sisahau.

Sasa hoteli. Sitaitaja kwa jina. Nilipokwenda kuomba kazi, meneja alikuwa bwana mmoja wa bara, mpole, amevaa shati limepigwa pasi. Nilimpa masharti matatu: nakanda wanawake tu, komeo la mlango liwe ndani, na mafuta natengeneza mwenyewe. Akakubali yote, akacheka, tukaagana kwa heshima. Kosa langu ni kwamba sikumwambia ayaandike. Nilimshuku kila mtu pale siku ile ila yeye, kwa sababu ya lile shati.

Wageni wa kiume walikuwa wa Kioko. Kioko ni Mkamba, mtu wa miraba minne, alijifunza kazi Mombasa, na akiwa anakanda huimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Chumba chake upande huu, changu upande ule, katikati ngazi. Kwenye milango yote miwili kulikuwa na kibao kimoja kilichosema "Massage", basi. Miaka saba hatukugombana hata kwa taulo. Nilimfundisha namna yetu ya kufungua bega lililoganda, naye akanifundisha kusimama kwa miguu badala ya kuinama, ndiyo maana leo mgongo wangu bado ni mzima. Hilo lishikeni: uzito utoke miguuni, msikande kwa vidole peke yake, vitawaasi kabla hamjafika miaka arobaini.

Mwaka wa nane mwenye hoteli akaleta bibi mmoja kutoka Ulaya wa kuipamba. Alibadilisha mapazia, akaondoa viti vya plastiki, akaondoa paka, halafu akaingia kwenye maneno. Asubuhi moja tukapewa vibao vidogo vya mbao vya kubandika kifuani. Cha Kioko kimeandikwa "Masseur". Changu kimeandikwa "Masseuse". Na kwenye milango hivyo hivyo.

Nilikigeuza, nikatazama nyuma kama kuna kitu kingine. Nikamfuata Kioko.

"Kioko, kwani mimi na wewe tunafanya kazi mbili?"

"La, Bi. Ni moja."

"Basi mbona majina mawili?"

"Ni Kifaransa. Yule mama amesema Waingereza waliyachukua yote pamoja, la mwanamume na la mwanamke."

"Wao walikosa lao?"

"Walikuwa nalo. Nasikia hili linapendeza zaidi."

"Linampendeza nani?"

Kioko akakuna kichwa. "Hapo sijui, Bi."

Nami sikujua, lakini nilikaa nikaangalia. Kwenye chumba cha wafanyakazi kulikuwa na orodha mpya ukutani, nikaisoma na miwani. Mpishi mkuu, mwanamume, ameandikwa "chef", Kifaransa pia. Mama wa Kizingitini aliyepika vile vyakula vyenyewe ameandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, msaidizi wa jikoni. Fundi wa mabomba hakupewa Kifaransa. Mlinzi hakupewa. Msichana aliyeletwa kutoka Mombasa kuwaimbia wageni wakila, huyo ameandikwa "chanteuse", yaani mwanamke mwenye kuimba, na kijana aliyempigia kinanda ameandikwa mwanamuziki tu. Nikaona wanawake waliopewa neno la peke yao ni sisi wawili, yule wa kutazamwa na mimi wa kugusa. Sikuipenda orodha ile. Kwetu mkandaji ni mkandaji, ukitaka kujua ni mke au mume subiri afike. Kwa nini mgeni ajulishwe mapema, akiwa bado chumbani kwake na taulo?

Jibu nililipata ndani ya wiki. Wanaume wakaanza kuja kwenye mlango wangu. Mmoja alikuja na glasi mkononi. Mwingine alisoma kile kibao, akamtazama mwenzake, wakachekeana. Nimeishi sana, wanangu, kicheko kile nakijua kwa lugha zote. Nikawaambia kwa Kiingereza changu, "No men, go Kioko," nikatia komeo. Wakaenda kulalamika kwamba karatasi ya matangazo ya hoteli inasema kuna "masseuse" na wao wamempata mama mwenye komeo.

Meneja akaniita.

"Bi Rukia, hili ni neno tu. Usilitie moyoni."

"Kama ni neno tu, bwana, litoe."

"Si mimi niliyeliweka."

"Na masharti yangu je?"

"Masharti yapo. Lakini unajua, hayapo kwenye karatasi."

Nikalifunika kwa ushungi. Yule bibi wa mapambo akanipita, akatabasamu, akaushika ushungi wangu kwa vidole viwili na kuusogeza kando ili kibao kionekane. Hakuna mtu aliyewahi kugusa ushungi wangu tangu niolewe. Nilimwacha apite, na hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu ikaja picha. Hoteli ina ukurasa wake kwenye simu ambako huweka mambo yao. Wakaweka uso wangu, picha niliyopigwa sikukuu ya Idi nikiwa gatini nimevaa vizuri, na chini yake lile neno. Na pembeni, wakaweka picha nyingine ya mikono ya mwanamke juu ya mgongo wa mwanamume. Mikono ya kukodi, sijui ya nani. Aliyeitazama haraka angesema ni mimi yule na ile ndiyo kazi yangu. Kufikia alasiri picha ilikuwa Wiyoni, na kabla ya magharibi ilikuwa mitaa ya Langoni na Mkomani.

Wengine wenu mtasema, kwani kuna nini, ni kazi. Kwa wengi ni kazi, na Kioko ni shahidi kwamba mtu anaweza kuifanya kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa msingaji. Mama anapomkabidhi binti yake kwa msingaji anampa mwili ambao hata baba hauoni. Anachokuangalia wewe ni jina lako, hana kingine cha kuangalia. Nyumba moja ikikukataa, ya pili itauliza kwa nini, na ya tatu haitauliza kabisa. Na wiki mbili mbele nilikuwa na harusi. Sauda, binti wa Bi Khadija, nilimkanda mamake alipomzaa, na Bi Khadija mwenyewe alishaniambia tangu Ramadhani, "Sauda ni wako." Ningekataliwa kwa Bi Khadija, miaka yangu yote ya kazi mjini ingekwisha pale pale.

Hakuna aliyenikataa. Watu wetu hawafanyi hivyo. Walinyamaza tu. Marashi na mawaridi ambayo biharusi huletewa msingaji ayachanganye hayakuletwa. Bi Khadija nilikutana naye kichochoroni, akaniuliza hali, hali ya watoto, hali ya nyumba, akapita kabla sijamuuliza yake. Mwenye duka la viungo, ambaye hunipimia karafuu huku akinipa habari za mji mzima, alinipimia karafuu tu.

Nikaanza kutafuta ni nani aliyeisambaza ile picha. Lazima awe mtu, nilisema. Nikaona ni Kioko. Kioko ndiye aliyenipiga ile picha ya Idi. Kioko ana simu mkononi kutwa. Mimi nikiondoka, chumba changu chenye dirisha la baharini kitakuwa chake. Kila nilipolizungusha likaingia vizuri. Nikaacha kumwitikia. Mafuta yangu nikayafungia kabatini na ufunguo nikautia kifuani. Akiimba, nilipiga ukuta anyamaze. Akaacha kuimba. Alinyamaza wiki nzima, nami nikaona ukimya ule ni ushahidi.

Siku ya nane wakaniambia kuna mteja, mwanamke Mwislamu kutoka Mombasa, saa moja kamili. Nilipoingia alikuwa ameshalala kifudifudi, uso umeingia kwenye tundu la kitanda, nywele amezifunga kwa kitambaa, na ameomba pazia lishushwe. Buibui na nikabu vimekunjwa vizuri kwenye kiti. Nilimsalimu, akaniitikia kwa Kimombasa cha kujilazimisha.

Nilipasha mafuta, nikamwekea mkono wa kwanza kwenye bega la kushoto. Liko juu kidogo kuliko la kulia. Nikashuka. Chini ya mbavu upande wa kulia kuna mahali panapokaza, panaachia, panakaza tena. Nikafika kiunoni, nikapata alama ya kamba ya mkaja, ile nguo ya kufungia tumbo la mzazi, pale nilipomkaza kwa nguvu mno alipomzaa mtoto wake wa pili, hadi ngozi ikachubuka, akanitukana.

Alikuwa Mwanajuma, shangazi yake Sauda. Nilimkanda arubaini tatu. Alificha uso, akabadilisha ulimi, akapanda boti mpaka Manda, na asikumbuke kwamba mkandaji hashughuliki na uso.

Nikajua amekuja kufanya nini: kuona kama nakanda wanaume. Ningemwita jina pale pale, angeinuka na aibu yake, na angekwenda kusema nini? Kwamba hakuona kitu. Sikutaka aseme hakuona kitu. Basi nikaendelea kukanda. Akaanza maswali, kwa ule ulimi wake wa kuazima.

"Hapa wanaume pia huja?"

"Hotelini wapo."

"Wewe huwakanda?"

"Sikandi."

"Hata wakikuomba sana?"

"Pumua, mama. Mgongo umekaza."

Hapo ndipo mlango uligongwa. Sauti ya mwanamume, Kiingereza: ameambiwa huku kuna "masseuse", na yuko tayari. Akajaribu kusukuma. Komeo likashika. Mgongo wa Mwanajuma ukawa mgumu chini ya viganja vyangu. Nikafungua kinywa kusema maneno yangu ya kila siku, nikasikia miguu mizito inapanda ngazi mbio.

"Sir, sir, sio hapa," Kioko anasema huku anahema. "Huyu mama ni wa wanawake. Karibu kwangu."

Yule mgeni akasema karatasi inasema vingine.

"Naijua karatasi, sir. Kila siku niko hapa naieleza hiyo karatasi. Karibu."

Wakateremka. Halafu Kioko akarudi, akasema kwa Kiswahili nje ya mlango, kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kupigiwa ukuta:

"Samahani, Bi Rukia. Nilikuwa naanika taulo, akanipita. Wa leo ni wa nne. Wale wengine niliwazuia huko chini."

Wiki nzima nilijiuliza kwa nini wanaume wamepungua mlangoni kwangu, nikadhani wamechoka. Kumbe mtu alikuwa amekaa chini ya ngazi akiwageuza mmoja mmoja, mtu ambaye nilimfungia mafuta.

Mgongo ukaanza kutikisika. Mwanajuma alikuwa analia ndani ya lile tundu.

"Bi Rukia. Ni mimi."

"Nayua ni wewe. Tangu nilipokushika bega."

"Nimetumwa."

"Na hilo nayua."

"Mbona hukunambia?"

"Saa yako haiyaisha. Lala."

Akalala. Nikammaliza, miguu na yote, kama nilivyommaliza akiwa mzazi. Alipokaa na kujifunga leso akanyoosha kidole kwenye kifua changu.

"Na hili lasemaye?"

Nikamweleza: ni Kifaransa, Waingereza wamelichukua, maana yake mwanamke mwenye kukanda. Akauliza mwanamume naye je. Nikamwambia ana lake.

"Khadija alimuuliza mwalimu mmoja wa shule maana ya neno hili," akasema. "Mwalimu akacheka. Hakusema kitu, alicheka tu. Ndipo Khadija alipoingiwa na hofu."

Kicheko kile tena. Mwalimu hakusema uongo hata mmoja, wanangu, na kidogo anivunjie kazi.

Alipoondoka nilikwenda kwa Kioko. Nilimkuta anakunja taulo. Mimi si mwepesi wa kuomba radhi, nilisimama mlangoni nikishika fremu.

"Kioko, nilikushuku wewe. Nilidhani ni wewe uliyeisambaza ile picha."

"Nilijua, Bi."

"Mbona hukujitetea?"

"Ningejitetea ungenishuku zaidi."

Alisema kweli, na hakuitoa kwa ubaya. Nikamwambia nisamehe, akasema yameisha, akaniuliza kama sasa anaweza kuimba. Nikaketi kwenye kiti chake nikalia mpaka akaniletea maji.

Siku ya pili nilikiweka kile kibao juu ya meza ya meneja. Nikamwambia kiondoke kifuani, kiondoke mlangoni, na uso wangu uondoke kwenye ukurasa wao, au niondoke mimi. Na safari hii, nikasema, masharti yangu yaandikwe. Kioko alikuwa amesimama nyuma yangu, hakualikwa, akakitoa na chake akakiweka kando ya changu. Meneja akavifungia vyote viwili kwenye droo. Kufikia jioni picha haipo na milango imerudishiwa vibao vya zamani. Yule bibi wa mapambo aliambiwa vibao vya kifuani vimepotea vyote. Nilifanya kazi pale miaka mitatu zaidi, sina neno kifuani, na karatasi yangu iko kabatini. Lakini hata siku moja sikuacha kusoma kile kilichobandikwa ukutani, na nikiona kipya nilimwita Kioko anisomee na yeye, nione kama tunasoma sawa.

Mtadhani yaliisha hapo. Mwanajuma alileta habari: Khadija amesema nije. Marashi yaliletwa, na mawaridi. Nikachanganya singo, nikailaza shingoni mwangu, nikaenda.

Nilipokewa vizuri. Kahawa, halwa, maulizo ya hali hadi mwisho. Bi Khadija akanishika mkono akanipeleka chumbani, na pale mlangoni, kwa ndani, palikuwa na kiti. Mwanajuma akaja, akaketi juu yake, macho chini.

Nyinyi ni wachanga, huenda hamjui. Msingaji na biharusi hubaki peke yao. Mama hatakiwi, shangazi hatakiwi. Ni saa ambayo msichana huuliza yale asiyoweza kumuuliza mtu mwingine, na wewe humjibu huku mikono inafanya kazi, hata asione haya. Katika miaka yangu yote sikuwekewa mtu. Nilikitazama kile kiti nikaelewa. Walikuwa wameambiwa ukweli, wakauamini, na bado wameweka kiti. Nikafunua bakuli. Nikasema moyoni, maliza hii, Rukia, uende zako, na usikanyage tena nyumba ya mtu.

Sauda alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunga leso. Akamtazama shangazi yake.

"Shangazi, wafanya nini hapo?"

"Mamako asema nikae niwape hadithi."

"Hatuna haja ya hadithi. Nenda nde."

"Sauda!"

"Ile picha ni mimi niliyomwonyesha mama." Sauti yake ilianza kupasuka. "Mimi ndiye niliyoiona kwanda. Nilimwonyesha nikicheka, nikamwambia, tazama walivyomfanya Bi Rukia. Nilidhani atacheka. Hakucheka, akaituma kwa dadake, na dadake akaituma kwa watu. Ni kosa langu mimi. Sasa nataka anisinge peke yake, au sisingwi na mtu, nendeni mkaseme kwa bwana harusi."

Mwanajuma akainuka. Akakibeba kile kiti, akatoka nacho, akaurudisha mlango.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya bakuli. Siku zote zile nilikuwa natafuta ni nani, nimemnyima mtu mwema salamu, nimelia, nimekonda, kumbe ni huyu. Alikuwa amejikunja, ananisubiri. Alijua naweza kuinuka. Nilikuwa na haki ya kuinuka, na kama angekuwa mtu mwingine yeyote ningeinuka.

"Geuka, mwanangu," nikamwambia. "Singo yakauka."